"Shikamoo bosi" ya mlinzi mzee: nani aliyekosa uungwana?

Mtoto wa Makorora

Wadau, salaam. Juzi nilikuwa na miadi kwenye ofisi moja hapa Dar, nikafika kabla ya mwenyeji wangu. Mlinzi akaninyooshea kidole kwenye benchi chini ya mwarobaini, nikaenda kukaa. Nimekaa pale kama dakika arobaini, sina kazi zaidi ya kutazama geti likifunguliwa na kufungwa.

Mlinzi ni mtu mzima, miaka sitini na kitu. Mvi hadi kwenye ndevu, sare ya kampuni inampwaya mabegani, kirungu kakiegemeza ukutani kwa sababu mkono mmoja una daftari la wageni na mwingine unavuta geti. Ikaja gari nyeupe, kioo kikashuka nusu. Ndani kijana, sidhani kama thelathini ameifikisha. Mzee akakakamaa: "Shikamoo bosi." Kijana macho yako kwenye simu: "Marahaba." Kioo kikapanda, gari ikaingia.

Ningesema hana adabu, yakaisha. Lakini robo saa baadaye akatoka kumsindikiza mgeni wake. Akambebea begi, akamfungulia mlango wa gari, akasubiri mpaka mgeni akae vizuri ndiyo akaufunga polepole, kwa kiganja, usigonge. Kwa hiyo adabu anayo, tena ya kufundishwa nyumbani, mtu haigi ile. Elimu anayo. Viatu vyake peke yake ni kodi yangu ya miezi miwili. Ukikutana naye ukumbini utasema huyu ni mtu wa hadhi, na watu watakuitikia.

Sasa pesa ziweke kando. Malezi nayo yaweke kando, maana tumeshaona anayo. Kinachobaki ni nini? Kile wazee wanachokiita uungwana kinakaa wapi? Msimamo wangu ni kwamba kijana alikosa, na kosa lake si kutoamkia. Kosa ni kuitikia. Ile marahaba haikuwa yake, ameichukua kwa kuwa imeletwa mlangoni. Nawasilisha.

Fundi Umeme

Mkuu, ulitaka afanye nini? Apige breki, ashuke, aseme "hapana mzee, shikamoo mimi", huku nyuma magari matatu yanapiga honi? Hapo ndipo ungemleta humu kwa kosa la kujionyesha.

Shikamoo ya getini siku hizi haina umri. Mimi nikija kazini na gari la kampuni napewa shikamoo. Nikija na bodaboda, na mfuko wangu wa spana, naulizwa "wewe unaenda wapi?" Mlinzi yule yule, wiki ile ile. Mzee anaamkia gari. Gari likiamkiwa, nani aitike?

Mama Nasra

Fundi, umesema kweli na umekosea hapo hapo. Baba yangu alikuwa mlinzi miaka kumi na tisa, na lindo lake la mwisho lilikuwa geti kama hilo. Nilikuwa nampelekea chakula, kwa hiyo haya nimeyaona kwa macho.

Haamkii gari kwa sababu anapenda gari. Mlinzi wa kampuni hana bosi mmoja. Ana kampuni inayomlipa, ana supavaiza anayepita usiku na pikipiki kuangalia kama amelala, na ana kila mwenye gari anayeingia pale ndani. Mmoja wao akipiga simu kusema "huyu mzee wenu ana dharau", kesho yake amehamishiwa godauni la mbali ambako nauli inakula nusu ya mshahara. Hakuna atakayemuuliza ilikuwaje. Kwa hiyo ile shikamoo ni bima. Inalipwa kila asubuhi, kwa kila gari, kwa sababu hajui ni gari lipi lina mtu wa kupiga simu.

Na wale wa "hapana mzee, shikamoo mimi" alikuwa nao pia. Kulikuwa na mmoja akimwamkia kwa sauti kubwa, hasa akiwa na wageni. Baba alikuwa hampendi kuliko wote. Walinzi wenzake walikuwa wakimtania, "mzee wa bosi, leo umeshikwa miguu". Yule bwana alikuwa anajipamba kwa baba yangu.

Aliyempenda alikuwa dada mmoja wa ofisi ya pili, gari lake bovu bovu. Huyo alikuwa anamuwahi. Kioo kinashuka gari likiwa bado liko barabarani, hajafika hata getini, "shikamoo mzee Nasoro" (nimebadilisha jina), na baba hana namna ila kuitikia marahaba kabla hajapata nafasi ya kuitoa yake. Hakushuka, hakupiga breki, hakuchelewesha mtu. Foleni haikujua kama kuna kitu kimetokea. Alipohama ofisi baba alikaa siku mbili hana raha.

Kwa hiyo Fundi, jibu la "ulitaka afanye nini" ni hilo. Amuwahi. Hakuna gharama.

Pwani Halisi

Mjadala umekwisha. Waswahili walishasema zamani, muungwana ni kitendo. Fungeni uzi tukalale.

Mja wa Ng'ambo

Usiufunge bado ndugu yangu, methali umetuletea nusu. Nzima inasema: *ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo.* Ile nusu ya mwanzo watu wameiacha njiani kwa sababu inaaibisha. Mja hapo ni mtumwa. Methali inasema desturi ya mtumwa ni domo, na mwenye kutenda ni yule aliyezaliwa huru. Muungwana hakuwa mtu mpole. Muungwana alikuwa mtu asiye mtumwa, basi, hata awe mkorofi wa mtaa.

Naandika haya nikiwa Unguja, na kwetu haya si hadithi za mbali. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873, enzi ya Sultani Barghash, na pale pale likajengwa kanisa ambalo watalii wanalipiga picha leo. Utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria 1897. Tanganyika walingoja mpaka 1922. Kabla ya hapo uungwana ulionekana kwa macho: nani ana viatu, nani amefunika kichwa, nani amevaa kaniki, ile nguo nyeusi ya watumwa. Na shikamoo mnayoigombania inaelezwa kwamba asili yake ni "nashika miguu", mtumwa akimwambia bwana wake. Baadaye ndiyo ikageuka salamu ya mdogo kwa mkubwa.

Nataka mlione hilo, maana mimi naliona ni jambo kubwa kuliko tunavyolichukulia. Watu waliokuwa wakilazimishwa kusema neno hilo, wao na watoto wao, walilichukua wakalitia umri ndani yake. Tajiri wa miaka arobaini akawa anamwamkia mfagizi wa miaka sitini. Ndiyo maana lililotokea getini linauma. Neno limerudishwa lilikotoka, katika sekunde mbili, na hakuna aliyeshtuka isipokuwa mtu aliyekaa kwenye benchi.

Nani aliligeuza neno *uungwana*? Mfano wangu ni Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu. Alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, na jina alilopewa na wazazi wake ni Mtumwa. Alikuwa akiuza vyungu. Alipokuja mjini na sauti yake ikapanda, ndipo akaitwa Siti, yaani bibi wa heshima, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Waliomwonea kijicho wakamtungia wimbo: kawa mtu lini huyu, si juzi tu alikuja na kaniki, bila ya sauti angekula nini? Naye akawajibu kwa wimbo. Hakukana kaniki. Hakujitafutia ukoo wa kubandika. Aliwaambia kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa jadi si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Angeweza kusema "na mimi ni wa kwa fulani", kama walivyofanya wengi wakati ule. Hakusema.

Jina langu la humu mmeshalielewa.

Pwani Halisi

Mja wa Ng'ambo, umeleta darsa zima. Lakini mja ni binadamu yeyote, sisi sote ni waja wa Mungu. Kwetu bibi akiisema methali hii hafikirii mtumwa, anafikiria mtu wa maneno mengi. Neno likishaosheka limeosheka. Usilirudishe sokoni.

Mja wa Ng'ambo

Bibi yako hafikirii, sawa. Wangu alikuwa anaijua nusu yote na alikuwa haisemi mbele ya baadhi ya majirani. Nikakua nikijiuliza kwa nini.

Kijana wa Kisauni

Huku Mombasa shikamoo bado ipo, mtu mzima akikutangulia kukuamkia unaona haya, unatamani ardhi ipasuke. Lakini kwenye mageti ya Nairobi nilikofanya kazi hakuna shikamoo. Soja anakuita "mdosi" au "mkubwa", na wewe unamuita "soja" miaka mitatu bila kujua jina lake. Jioni anataka ya chai, unampa, mnamalizana. Wengine wataniambia hiyo ni bora, kila mtu anajua ni biashara. Mimi nimeona yote mawili na sijui. Ninachojua ni kwamba pale Nairobi niliwahi kumtafuta soja wetu hospitali, nikafika mapokezi nikaulizwa jina la mgonjwa.

Limbukeni Mstaafu

Wacha nitetee upande ambao hautetewi humu. Mnamgeuza kila mwenye gari jambazi na kila mlinzi mtakatifu. Mimi nimewahi kutukanwa matusi ya nguoni na konda kwa kumuomba chenji yangu ya mia mbili, na nimewahi kufukuzwa kama mbwa na mlinzi mzee kama huyo siku niliyokwenda kuomba kazi na viatu vya vumbi. Umaskini hauleti uungwana. Na wengine wetu tulipopata tulilimbuka, ndiyo, lakini hata kabla hatujapata tulikuwa hivyo hivyo, ila hatukuwa na kioo cha kushusha nusu.

Tazameni pia maneno yetu ya kumdharau mtu. Mshamba: anayetoka shamba. Mshenzi: zamani mtu wa bara. Uswahilini upande huu, ushuani upande ule. Na mtu mjanja mjanja, asiyelipa deni, tunasema "huyo mswahili", tunasema kwa Kiswahili! Hata ustaarabu una Mwarabu tumboni. Karibu maneno yote ni anwani. Tunamuuliza mtu anakaa wapi halafu tunajifanya tumemuuliza tabia.

Ndugu Mzee wa Kolomije

Nina miaka sabini na moja. Baada ya Azimio la Arusha, 1967, tuliitana *ndugu*. Ndugu mkurugenzi, ndugu mfagizi, ndugu Rais. Vijana mnacheka, na kweli wapo waliolisema neno hilo huku wakimnyooshea mtu kidole. Lakini lilikuwa linakuweka mahali. Ukishamuita mtu ndugu, kumfokea kunakuwa kugumu kidogo, ulimi unajikwaa. Mwaka 1991 Zanzibar masharti ya Azimio, yale ya kuwazuia viongozi kujitajirisha, yakalegezwa, na taratibu ndugu akaondoka akaja *mheshimiwa*. Sasa hata kwenye kikao cha harusi kuna mheshimiwa mwenyekiti wa kamati.

Huyo kijana wa gari nyeupe kazaliwa mheshimiwa akiwa ameshafika. Simlaumu sana. Kwa Kisukuma chetu salamu ilikuwa na mambo mengi, unataja ukoo, unangoja ujibiwe, huwezi kuisema ukiwa unatazama kitu kingine. Shikamoo ni fupi mno. Inapita dirishani.

Fundi Umeme

Mama Nasra, leo asubuhi nimejaribu kumuwahi. Nilikuwa na gari la kampuni. Nimeshusha kioo mapema kama ulivyosema, "shikamoo mzee". Akashtuka, akaangalia nyuma yake. Halafu akaitikia, halafu akaniuliza kama kuna tatizo.

Mama Nasra

Endelea. Wiki ya tatu ataacha kuuliza.

Mtoto wa Makorora

Nimerudi, wadau. Leo nilikuwa na miadi ya pili kwenye ofisi ile ile, nikasema nitamuuliza mzee mwenyewe badala ya sisi kumsemea humu kurasa zote hizi. Nimefika, nikamwamkia, akaitikia vizuri, tukazungumza habari ya jua na foleni. Nikamzungusha mpaka kwenye jambo langu. Nikamwambia, mzee, juzi nilikuwepo hapa, nikaona yule kijana wa gari nyeupe umemwamkia naye akaitikia. Hukuona vibaya?

Akafungua daftari la wageni, akarudisha kurasa mbili nyuma, akaweka kidole kwenye mstari. Jina langu, saa niliyoingia, saa niliyotoka, saini yangu.

"Wewe ndiye uliyekaa pale kwenye benchi," akasema. "Dakika arobaini. Siku ile hukuniamkia."