Karanga kwa mgonjwa wa figo: mwisho kiasi gani?

Wakuu, mama yupo Tabora, figo hatua ya 4 kati ya 5, potasiamu ya damu 5.6 mmol/L, imezidi kawaida. Kisamvu cha karanga aache?

— Kwa 5.6 asimamishe vyote viwili kwanza, arudie kipimo. Kiganja kimoja cha karanga, gramu 30, kina potasiamu kama miligramu 200 na protini gramu 7. Kisamvu juu yake ndicho kinachozidisha.

— Fosforasi (madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa) ya karanga hainyonywi yote, tofauti na ya soda nyeusi. Chumvi ndiyo balaa! Akiruhusiwa, nunueni mbichi, mkaange kavu. Yenye ukungu tupa; kukaanga hakumalizi sumukuvu.

— Na kisamvu kichemsheni kwa maji mengi, myamwage. Potasiamu hupungua, haiishi.