Kupanda daraja chuoni tukiwa huku Kusini: tupeane uzoefu

Mwalimu wa Shangani
Wakuu, salaam kutoka Mtwara. Nina miaka mitano kwenye uhadhiri, mwezi huu nimeamua kuomba Uhadhiri Mwandamizi. Kwa wasiojua ngazi zetu: ukiwa na uzamili ni Mhadhiri Msaidizi, ukipata uzamivu unakuwa Mhadhiri, halafu Mwandamizi, Profesa Mshiriki, Profesa. Mpaka uzamivu, cheti kinakubeba. Kuanzia hapo ni makala, na makala hazina mahafali.

Makala ninazo. Kinachonikosesha usingizi ni ushahidi. Fomu inataka matokeo ya tathmini ya wanafunzi kwa kila muhula, na ya muhula wa pili 2022 mkuu wa idara wa wakati ule alihama nayo kwenye kompyuta yake. Simu hapokei. Waliopita njia hii, nyie mlikwama wapi?

Mkorosho Mkavu
Mimi nilikwama kwenye hesabu, mkuu. Nafanya utafiti wa ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho, na huku ukigusa korosho lazima ukutane na watafiti wa Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo cha Mtwara, maana ndio wenye mashamba na uzoefu. Watu wazuri sana, wamenifundisha mengi ambayo sikuyapata darasani.

Sasa sikia. Ugonjwa huu hushambulia machipukizi na maua, kwa hiyo jaribio ni mara moja kwa mwaka, mikorosho inapotoa maua. Ukikosea kipimo cha salfa, dawa yake ya unga, mwezi wa saba, unasubiri mwezi wa saba mwingine. Misimu mitatu ikanipa makala moja, tena yenye waandishi saba. Chuoni kwetu pointi za makala hugawanywa kwa waandishi. Nilipopiga hesabu, miaka mitatu ya kuumwa na mchwa na jua la utosi ilinipa kasungura kadogo, tena ka kugawana. Jirani yangu ofisini anaandika peke yake mambo ya nadharia, hajawahi kupaka salfa puani, alinipita kwa mbali.

Sisemi mgawanyo ni mbaya. Nasema kaeni na wenzenu mapema, mkubaliane nani anaongoza makala ipi. Mimi niliona haya kuuliza, nikaandikwa wa tano.

Binti Mtanda
Kaka Mkorosho pole, umenichekesha hapo kwenye salfa. Mimi ni wa Lindi ila nafundisha Dar. Aprili 2024 nilienda nyumbani kwenye arobaini ya bibi, nikabeba na boksi langu la nakala, nikisema nitapanga jioni kukitulia. Wakati ule kwetu walitaka seti zilizochapwa na kujalidiwa, za kupelekewa wasomaji wa nje, wale wataalamu wa vyuo vingine wanaopima makala zako. Mara Kimbunga Hidaya, mwanzoni mwa Mei, barabara ya Dar ikakatika kule Somanga. Tarehe ya mwisho ikapita mimi nakula samaki Lindi na boksi langu chini ya kitanda.

Nilipiga simu kwa afisa utumishi. Akaniuliza kwa nini sikusafiri mapema. Nilikosa la kusema. Nikasubiri kikao kilichofuata, mwaka mzima.

Fasihi Tupu
Sisi wa Kiswahili tulikuwa tunaambiwa makala za lugha yetu hazina uzito. Si kweli. Jarida la *Kiswahili* na *Mulika* ya pale TATAKI, taasisi ya taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, makala hupitiwa na wasomaji wataalamu kabla ya kuchapwa, na zangu kamati ilizipokea bila neno.

Iliyoniponza ni ile niliyoitafutia njia ya mkato. Niliandikiwa baruapepe inaniita Profesa mtukufu (wakati huo Mhadhiri, tena wa juzi), nikalipa dola 150, makala ikatoka baada ya siku nne. Siku nne! Hata mama lishe hakupi wali haraka hivyo msimu wa minada ya korosho. Orodha ya Beall ya majarida ya kitapeli ilishaondolewa mtandaoni tangu Januari 2017, lakini sikuhitaji orodha, akili ilitosha. Kamati ikaitupa ile makala na kuanza kuzitilia shaka nyingine.

Mstaafu wa Mikindani
Wanangu, nimekaa kwenye kamati hizo miaka mingi. Kinachotuchosha ni mtu kukata utafiti mmoja vipande vitatu, kila kipande akakiita makala. Msomaji wa nje anaona upesi, naye ripoti yake ndiyo tunayoisubiri. Wengine hukaa nazo miezi sita, kwa sababu nao wana kazi zao, na malipo ya kazi hiyo ni ya kuomba radhi.

Mwalimu wa Shangani, acha kumsaka aliyehama. Kamuulize katibu muhtasi.

Kaka wa Ligula
Barua nilipata. Mshahara mpya ulikuja baada ya miezi kumi na moja. Malimbikizo bado. Naendelea kufuatilia.

Mwalimu wa Shangani
Shikamoo mzee wangu wa Mikindani. Nimemuuliza katibu. Anasema kila muhula alikuwa anatoa nakala moja ya ziada na kuiweka kabati la stoo, kwa sababu "nyie walimu mnapoteza vitu". Ufunguo anao mlinzi wa zamu ya usiku. Nimeshavaa viatu.