Kituo cha utamaduni Lamu: ukumbi wa watu 80 kwa boriti?

Wadau, tunachora kituo cha taarabu, mashairi na ususi wa mikeka, kuta za mawe ya matumbawe. Kamati inataka dari ya boriti, lakini ukumbi una upana wa mita 8. Inawezekana?

Fundi Chokaa: Bila nguzo katikati, hapana. Boriti za mikoko hubeba vizuri kama mita 2.5 hadi 3. Ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba. Ama uweke safu mbili za nguzo, kama misikiti ya zamani, ama maonyesho yahamie uani. Ua wa mita 9 kwa 9 unatosha watu 80 kwenye mikeka na nafasi ya wapiga muziki, vyumba vikiuzunguka. Binafsi ningechagua ua.

Halafu lipu: msipige saruji! Inafungia unyevu ukutani, chumvi ya matumbawe inajikusanya nyuma yake, lipu inabanduka vipande vipande. Chokaa 1 kwa mchanga 3, mchanga wa shimo, si wa ufuoni. Tabaka nyembamba, chini ya sentimita 1, na gunia bichi juu yake siku kadhaa. Likikauka haraka linapasuka.

Mkaa Barazani: Msisahau daka, yaani kiingilio kilichoezekwa mbele ya mlango, lenye baraza pande zote mbili, kimo sentimita 45. Wazee watakaa hapo hata kituo kikiwa kimefungwa.

Muuliza: Ahsanteni. Uani tunaweza kuezeka makuti?

Fundi Chokaa: Mwinamo usipungue digrii 45, la sivyo maji yanatuama na makuti yanaoza. Jiko liwe mbali.