Kliniki ya kifafa kwa simu, mmeionaje wenzangu?

mama_wa_wawili:
Habari za jioni jamani. Nina kijana wangu wa miaka 9 ana kifafa, huu mwaka wa tatu yuko kwenye dawa ya kabamazepini asubuhi na jioni. Tuko Malinyi ndani ndani, kliniki yetu Ifakara, na masika haya barabara mnaijua. Mara ya mwisho tumetoka na bodaboda saa kumi alfajiri, tunafika benchi limeshajaa, daktari tumemwona dakika tano tu, kurudi mtoto akaangukia ndani ya gari kwa uchovu na watu wakaanza kuhama siti. Sasa daktari kasema mwezi ujao nisiende, atanipigia video, tuwe tunaonana ana kwa ana kila baada ya miezi mitatu. Kwa nauli nimefurahi ila moyo unasita, hivi kifafa kinatibiwa kwa simu kweli? Na simu yenyewe ya baba yake, kioo kimepasuka, anashinda nayo shamba.

nipo_na_dozi:
Dada mie ni mgonjwa mwenyewe na nimeshafanyiwa hivyo, kwa nauli wala sibishi. Shida ni kwamba kule kliniki mlango unafungwa mnabaki wawili. Simu ilipigwa niko sebuleni, mama mkwe pembeni anachambua mchele, na mie nilitaka kuuliza uzazi wa mpango maana kabamazepini inapunguza nguvu ya vidonge vya majira. Nikaishia kusema sijambo daktari naendelea vizuri, simu ikakatwa. Siku hizi akipiga natoka naenda kukaa chini ya mwembe.

tabibu_wa_kata:
Mimi niko upande wa pili wa hiyo simu. Mama, kifafa tunakijua zaidi kwa maelezo ya aliyeona mtu akianguka, kwa hiyo kama ugonjwa umeshatambuliwa na dawa imemkubali, kufuatilia kwa simu inawezekana kabisa. Ila simu haipimi uzito, na dozi ya mtoto inaenda na uzito, wala hainionyeshi vizuri upele, na akitoka upele na hiyo dawa yake usisubiri siku ya simu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kipimo cha umeme wa ubongo nacho lazima mje.

Akianguka mlaze ubavu kwanza, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kitu mdomoni, halafu mtu mwingine arekodi, uso na macho vionekane na mikono yote miwili, mpaka atulie. Ikipita dakika tano hajatulia acheni kurekodi, ni hospitali. Na sisi tuoneeni huruma kidogo, unapiga kwa bando lako mwenyewe anapokea mtoto, "baba yuko shamba", basi imeisha hiyo.

mpogoro_halisi:
Mnasema simu simu, vidonge vinapita kwenye mtandao? Mdogo wangu aliongea na daktari vizuri kabisa, kwenda kuchukua dawa kaambiwa zimeisha, siku nne bila dozi kaanguka mara tatu.

Ila hilo la video tabibu kasema kweli. Huku kwetu Mahenge kuna watoto hawaanguki, yuko anakula ugali unaona kichwa kinashuka, kinapanda, kinashuka, ungesema anasinzia. Yule mama daktari Louise Jilek-Aall aliyeanzisha kliniki ya kifafa hapa miaka ya 60 aliliona hilo kwa macho yake, siku hizi wataalamu wanalihusisha na usubi, ule ugonjwa wa upofu unaoenezwa na vijinzi vya mtoni. Sasa hebu mweleze mtu hiyo kwa mdomo kwenye simu inayokatakata, atakwambia mtoto ana usingizi.

tabibu_wa_kata:
Mkuu hapo kwenye dawa sina cha kujitetea. Mama hakikisha unazo za kutosha kabla ya siku ya simu, zikibaki za wiki mbili anza kuulizia, usisubiri pakiti iishe. Na asiziache ghafla hata kama ana miezi hajaanguka.

mama_wa_wawili:
Asanteni sana. Nimeongea na baba yake, Jumanne simu inabaki nyumbani ila kasema bando niweke mie 😅 Video ya kuanguka ninayo, shangazi yake alirekodi mwezi jana mimi nikamgombeza kumbe. Tabibu swali la mwisho, zahanati iko mbali kidogo, uzito naweza kumpima kwenye mzani wa mpunga hapa mashineni?

tabibu_wa_kata:
Hapana mama, nenda zahanati 😂 huo wa mpunga hata mkulima hauamini.