Papa potwe wa Kilindoni: kuna anayejua Wafilipino wanafanyaje?

Mwana_Kilindoni (Mbagala)

Wakuu, habari za jioni.

Naishi Mbagala Rangi Tatu ila kwetu ni Kilindoni, Mafia. Baba mdogo ana boti, na msimu wa papa potwe, yule samaki mkubwa wa madoa, Oktoba mpaka Machi, anabeba wageni kwenda kumtazama. Msimu uliopita ilikuwa vurugu tupu. Potwe mmoja akiibuka, boti nne tano zinamkimbilia, injini zinaunguruma, wageni wanarukia mbele ya mdomo wake. Samaki anazama zake, mgeni anasema hajaona kitu, halipi.

Sasa kuna dogo mmoja pale bandarini ana klipu ya Ufilipino kwenye simu. Wavuvi wako ndani ya vitumbwi, wanamlisha potwe kama mbuzi wa nyumbani. Anasema na sisi tumwage dagaa kila asubuhi, potwe wabaki palepale, mgeni asikose. Baba mdogo ameanza kulegea.

Nimesikia hukohuko kuna mji unaitwa Donsol, hawalishi na bado wanakula kwa samaki huyuhuyu. Kuna mtu amefika? Nataka kujua nani anapanga foleni, hela inashikwa na nani, na mvuvi wa kawaida anaambulia nini. Maneno ya warsha sitaki, nimeshakaa sana kwenye warsha na soda zake.

Nawasilisha.

Oila_Mstaafu (Kigamboni)

Kijana, Donsol nimefika.

Nilikuwa oila, mtia mafuta mitambo, kwenye meli ya mizigo. Waafrika tulikuwa wawili tu, chumba chote cha injini kilichobaki ni Wafilipino. Fundi wa pili alikuwa mtu wa Donsol. Mkataba ulipoishia Manila akanigomea: huondoki mpaka ule kwetu. Tukapanda basi la usiku mpaka Legazpi, pale penye ile volkano ya Mayon, halafu gari dogo mpaka Donsol, mkoa wa Sorsogon, kule Luzon inakoishia kusini.

Usidhani utakuta hoteli za ghorofa. Ni mji wa minazi na wavuvi. Soko, kanisa, majogoo ya kupiganisha yamefungwa kamba uani. Mtu wa Pwani chakula chao hakimpi taabu, karibu kila kitu ni tui la nazi, mpaka majani ya magimbi wanayapika kwa tui. Ila pilipili wanatia kama wana ugomvi na mlaji. Boti zao zina ndubi mbili kama ngalawa zetu, zao ni za mianzi.

Zamani potwe kwao hakuwa na maana, wavuvi walimwogopa tu. Waliokuwa wakimwinda ni wa sehemu nyingine, kama kisiwa cha Pamilacan huko Bohol: mtu anamrukia mgongoni na ndoano mkononi, nyama inakwenda Taiwan. Mwaka 1998 habari za potwe wa Donsol zikatangazwa, na kabla watalii hawajajaa wakatangulia majangili, wakaua kadhaa. Serikali ikapiga marufuku kumvua mwaka huohuo. Watu wa WWF, shirika la kuhifadhi wanyama, wakaja kuwafundisha wavuvi kazi ya kuongoza wageni. Waongozaji hao wanaitwa BIO.

Sasa foleni. Mgeni haendi ufukweni kujitafutia boti. Anakwenda ofisi ya wageni, inaendeshwa na mji wenyewe, anajiandikisha, analipa mezani, anaonyeshwa video ya masharti. Wakati wangu kiingilio kilikuwa peso 300 kwa mtu wa nje, na boti peso 3,500, mnachangia mpaka watu sita. Wa saba hapandi. Boti zinatoka kwa zamu. Ndani kuna nahodha, mtazamaji anayesimama juu kutafuta kivuli, na BIO. Potwe mmoja, boti moja. Boti ikishateremsha watu, nyingine itafute wake. Kugusa hakuna, mitungi ya hewa hakuna, taa ya kamera hakuna.

Umeona kitu hapo? Nahodha keshalipwa. Potwe aonekane asionekane, zamu yake imeshahesabiwa, anakimbizana na nani? Kwenu kinachowapiga mbio ni hiyo "hujaona hulipi". Mkiiacha hiyo, hata mkiweka masharti mia boti zitagongana.

Nami niliingia majini. Baharia, ndiyo, lakini kuogelea kwangu ni kwa shida, nilivaa jaketi okozi. Maji ya pale ni ya kijani, mazito, yamejaa vijidudu anavyokula. BIO akanishika mkono, tumbukia! Nikatumbukia, sioni kitu. Mara madoa meupe yakaanza kutokea chini yangu, safu kwa safu, hayaishi, samaki anapita tu. Nikasahau kabisa kwamba ana mkia. BIO ndiye aliyenivuta ukosi wa jaketi nimpishe.

Klipu ya dogo itakuwa ya Oslob, kisiwa cha Cebu. Huko sijafika, nasema ya kuambiwa na kusoma. Wameshika kasi tangu 2011, wanamwaga uduvi asubuhi, wageni ni maelfu. Haki yao niwape: mgawo wao uko wazi, asilimia 60 ya chama cha wavuvi, 30 ya mji, 10 ya mtaa. Ila wataalamu waliowapiga picha potwe wale wamekuta karibu wote wana makovu. Ukimzoesha kwamba boti ni chakula atazifuata zote, na boti ina pangaboi.

Kijana_wa_Tandika

Kwani huyo papa hang'ati?

Oila_Mstaafu

Mdomo wake unakutosha wewe na kiti ulichokalia, lakini anachuja uduvi na vijidudu tu. Cha kuogopa ni mkia.

MamaDagaa_Feri

Mimi nauza dagaa hapa Feri, nimecheka peke yangu. Mnataka kununua dagaa mkamwage baharini? Mwanangu, bei ya ndoo unaijua? Hata mwezi mmoja hamtaimudu, na siku mkikosa hela ya kumwaga, potwe ataganda kwenye boti za watu akidai.

Halafu potwe wa Mafia mnamfuata wapi? Si palepale wavuvi wanapotega dagaa? Anakula bure. Na kaka yangu yuko Mafia, amewabeba sana wale watafiti wanaowafunga potwe vifaa vya kusikilizia. Wameona potwe wengi hawahami, msimu ukiisha wanakwenda maji ya kina tu. Yaani wako kwenu mwaka mzima na bado mnataka kuwahonga wasiondoke.

Mwana_Kilindoni (Mbagala)

Mama, hiyo ya bei ya ndoo nimempigia baba mdogo sasa hivi, imemwingia kuliko yote.

Mzee Oila, swali moja. Mwaka potwe wasipokuja Donsol, hao wa zamu wanakula nini?

Oila_Mstaafu

Sikufichi, miaka hiyo imetokea. Kuna misimu potwe walikuwa haba, wageni wengi wakageuza njia wakaenda Oslob, na mwenzangu alikuwa akiwasema sana watu wa Oslob, wivu nao ulikuwamo. Waliokuwa na nyavu walirudi kwenye nyavu. Wengine usiku wanapeleka wageni mtoni kuangalia vimulimuli. Mikoko ya pale inajaa vimulimuli mpaka mti mzima unawaka na kuzima, boti inapita kimya bila taa. Hela yake si ya potwe, lakini unga unapatikana. Mpwa wa fundi wangu yeye alichoka, akaenda melini.

Kwa hiyo baba mdogo asiuze nyavu.

Mwana_Kilindoni (Mbagala)

Hauzi. Kesho nawahi gari la Nyamisati, nikapande boti ya Mafia, Ijumaa baada ya swala tunakaa na wenye boti wote. Zamu wengi wameikubali kwenye simu, hata yule dogo, ila anataka awe mtazamaji. Kulipa kabla ya kutoka kuna wawili wanagoma, wanasema mgeni atakimbilia boti nyingine. Nikawaambia meza ikiwa moja, hiyo boti nyingine ataitoa wapi?

Tatizo lililobaki ni hiyo meza. Baba mdogo anasema ikae barazani kwake.

MamaDagaa_Feri

Haya, yameanza.

Oila_Mstaafu

Kwake hapana, wala kwa mwenye boti yeyote. Mtafuteni mtu asiye na boti, tena anayeandika vizuri, na daftari likae wazi kila mtu alisome.