Mzunguko wetu unajengwa daraja la juu: tuulize nini kwenye baraza kuhusu mazingira?

KatibuWaMtaa

Wadau, habari za jioni. Mimi ni katibu wa chama cha wakaazi huku Eastlands, Nairobi, upande wa Mto Ngong. Mzunguko wa barabara ulio mbele ya mtaa wetu utavunjwa, pajengwe daraja la juu na barabara za pembeni za kuingilia mitaani. Chifu ametuita kwenye baraza wiki ijayo, na konsalta wa mazingira ameacha muhtasari wa ripoti yake pale ofisini. Nimeusoma wote. Unasema vumbi "litadhibitiwa ipasavyo", kelele "zitapunguzwa kadiri inavyowezekana", na maji ya mvua "yataelekezwa kwenye mifereji iliyopo".

Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Mfereji uliopo ni mtaro mmoja tu unaopita nyuma ya shule ya msingi. Mvua za Aprili 2024 uliziba kwa plastiki, maji yakaingia madarasani. Alama ya matope bado iko ukutani, inamfikia mtu mzima magotini. Sasa maji ya daraja zima yaelekezwe huko huko?

Sipingi barabara, naomba nieleweke. Foleni ya asubuhi hapa ni mateso, na watoto wanavuka katikati ya matatu zilizosimama na bodaboda zinazopenya. Tunaitaka. Lakini nazijua baraza zetu: kila mtu analalamikia lake, karatasi ya mahudhurio inazunguka, tunasaini, basi. Safari hii nataka twende na maswali ambayo ni lazima yajibiwe. Nisaidieni.

DerevaWaUsiku

Dada katibu, pole na kazi. Ombi langu ni moja, msiufanye mradi ukwame. Barabara ikiachwa nusu ndiyo mbaya kuliko zote. Inabaki maramu tupu, kila gari likipita vumbi linaingia kwenye vyungu vya watu, na mvua ikinyesha hakuna anayejua shimo liko wapi. Ulizeni wataifunga vipi na kwa awamu gani, magari yatapitia wapi, na nani atarudisha vizuri zile barabara ndogo za mtaani ambazo malori yatazichimbua. Hiyo njia ya mchepuko ndiyo mtakayoishi nayo kwa miaka, si hilo daraja kwenye picha.

FundiKalvati

Katibu, nimefanya kazi kwenye miradi ya barabara hapa Nairobi muda mrefu, upande wa usimamizi. Nitaandika kirefu kwa sababu swali lako la maji limenigusa.

Kwanza, achana na muhtasari, itisha ripoti kamili. Ndani yake kuna jedwali la mpango wa usimamizi wa mazingira: athari, hatua ya kuipunguza, nani atawajibika, gharama. Watu husoma safu ya hatua wakaridhika. Wewe soma safu ya gharama. Ukikuta imeachwa wazi, au imeandikwa "imo kwenye gharama za jumla za mkandarasi", ujue hiyo hatua haina pesa. Mkandarasi hulipwa kwa kilichopimwa na kuwekewa bei kwenye BQ, yaani orodha ya kazi zote za mradi na bei zake. Gari la maji la kunyunyizia vumbi likiwa na mstari wake kwenye BQ, litapita asubuhi na mchana kwa sababu kila safari ni malipo. Lisipokuwa na mstari, utaliona siku ambayo wakaguzi wanatembelea. Nimeliona hili mradi baada ya mradi. Kwa hiyo kwa kila ahadi mtakayopewa, ulizeni papo hapo: iko wapi kwenye BQ?

Sasa maji. Mzunguko wa zamani una kisiwa cha nyasi katikati na kingo za udongo, vyote vinafyonza. Ukivifunika kwa lami na zege, karibu mvua yote inakimbia juu, na inafika mtaroni kwa wakati mmoja badala ya kidogo kidogo. Mhandisi wa mifereji hupiga hesabu kwa vitu viwili vikubwa: ukali wa mvua aliyoichagua na ukubwa wa eneo linalomwaga maji pale. Muulizeni alichagua mvua ya namna gani, ile inayotarajiwa kurudi kila baada ya miaka 5, 10 au 25. Alihesabu eneo hadi wapi? Halafu lile ambalo wengi hulisahau, mtaro unaishia wapi? Michoro mingi inakomea kwenye mpaka wa hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengewa barabara. Kalvati mpya ya kipenyo kikubwa, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara, inamwaga kwenye mtaro mwembamba wa zamani, na anayeupata mzigo ni aliye chini. Kwenu ni shule. Dai lenu liwe kwamba mchoro ufuatilie maji mpaka mtoni, na upanuzi wa mtaro wa nyuma ya shule uwe sehemu ya kandarasi hii, usiachiwe ofisi nyingine.

Ile alama ya matope ni ushahidi mzuri kuliko unavyodhani. Msiipake rangi. Pima urefu wake kutoka sakafuni, ipige picha na futi ikiwa kando, andika tarehe ya mafuriko, mwombe mwalimu mkuu asaini. Mhandisi akipewa kipimo kama hicho anaweza kukilinganisha na hesabu zake, na hawezi kusema hapajawahi kufurika.

Jingine ni udongo. Eastlands tumekalia udongo mweusi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka jua likiwaka. Barabara haijengwi moja kwa moja juu yake, kwa kawaida unachimbwa, unaondolewa, unaletwa mwingine. Ni malori kwa malori. Unapelekwa wapi? Jirani yenu ni mto, na kumwaga ukingoni usiku ni rahisi na hakuna gharama. Ukingo wa mto unalindwa, kati ya mita 6 na 30 kila upande kutoka pale maji yalipowahi kufika juu kabisa. Itisheni jina la mahali pa kumwaga, idhini ya mwenye shamba, na utaratibu wa tiketi kwa kila lori linalotoka na kufika.

Na nyumba zilizo karibu, pigeni picha za kuta zote kabla ya rola ya kutetemesha kufika, nyufa zilizopo zionekane na tarehe iwepo. Nyumba ikipasuka baadaye na huna picha ya awali, utaambiwa ufa ulikuwepo tangu zamani.

MwalimuMstaafu

Fundi amesema vizuri. Nami niongeze ya kelele na hewa, kwa ajili ya hiyo shule.

Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaweka kikomo kwa maeneo ya ujenzi. Karibu na shule, hospitali na makazi ni desibeli 60 mchana na 35 usiku, na mchana unahesabiwa kuisha saa kumi na mbili jioni. Desibeli 35 ni chumba kilichotulia, kwa hiyo katapila haiwezi kufanya kazi usiku kando ya nyumba ikabaki ndani ya kikomo hicho. Wakisema zege la daraja litamwagwa usiku ili kuepuka foleni, na huwa wanasema, ulizeni ni usiku zipi, mtaarifiwe siku ngapi kabla, na kwa kibali gani.

Kuhusu hewa, ripoti hizi hupenda kusema foleni ikiisha moshi utapungua. Hapo kwenu pengine ni kweli. Lakini magari yale yale yatafika haraka kwenye mzunguko unaofuata na kupanga foleni huko, mbele ya watoto wa watu wengine. Ulizeni kama wamepima makutano ya jirani pia. Na vipimo vya sasa vilichukuliwa lini? Kipimo cha vumbi cha siku moja mwezi wa Mei, ardhi ikiwa imelowa, hakisemi chochote kuhusu Februari.

MuuzaMiche

Samahani, mimi sina elimu ya ripoti. Nauza miche na maua kwenye hifadhi ya barabara, si kwenu ila mahali kama hapo. Kila mradi ukija sisi tunaandikwa "wavamizi". Miti mikubwa iliyo pale wengine wetu ndio tumeimwagilia maji. Mwombeni huyo konsalta ahesabu miti kwa aina, na atuhesabu sisi pia, mama mboga na fundi wa viatu, kabla tingatinga halijafika. Na wakisema mti hauwezi kuokolewa, wakumbusheni mugumo wa Waiyaki Way kule Westlands mwaka 2020. Ulikuwa kwenye njia ya Expressway, ile barabara kuu mpya ya Nairobi, ukaamuliwa ubaki, na barabara ikajengwa vilevile.

FundiKalvati

Mzee wangu, hilo la kuhesabiwa ni la msingi. Kama mradi una mkopo wa benki ya maendeleo, kama Benki ya Dunia au ya Afrika, masharti yao yanataka hata asiye na hati ya ardhi asaidiwe kurudisha riziki yake. Katibu, uliza pesa zinatoka wapi. Jibu hilo linabadilisha mengi.

WakiliMwananchi

Mambo ya kisheria, kwa kifupi.

Mradi hauruhusiwi kuanza bila leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, chini ya sheria ya mazingira ya 1999, kifungu cha 58. Ripoti kamili ya tathmini hutangazwa gazetini ili umma utoe maoni, na tangazo lenyewe hutaja siku, mara nyingi 30. Pelekeni maoni yenu kwa maandishi, mgongewe muhuri kwenye nakala yenu. Maneno ya barazani peke yake hupotea.

Wakiwanyima ripoti kamili, andikeni barua mkitaja kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upataji Habari ya 2016. Afisa ana siku 21 za kujibu. Leseni ikitolewa na hamjaridhika, kateni rufaa kwenye Tume ya Rufaa za Mazingira (National Environment Tribunal) ndani ya siku 60, na msizipoteze hizo siku mkisubiri kuitwa kwenye vikao. Kifungu cha 70 cha Katiba pia kinawaruhusu kwenda mahakamani bila kwanza kuthibitisha kwamba mtu ameshaumia.

Msidhani ushirikishwaji ni mapambo. Juni 2019 tume hiyo hiyo ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa wananchi kutoshirikishwa ipasavyo.

KatibuWaMtaa

Asanteni sana, kwa kweli. Nimerudi kutoka barazani.

Tulipeleka maswali yameandikwa, mzee mmoja akayasoma moja moja. Pesa ni za mkopo wa benki ya maendeleo, kwa hiyo wafanyabiashara wa kando ya barabara wataandikwa. Picha ya alama ya matope iliwanyamazisha. Mhandisi aliomba nakala na kukiri mbele ya watu kwamba mchoro unaishia kwenye uzio wa shule. Amesema ataurefusha mpaka mtoni. Swali la udongo halikujibiwa, tuliambiwa "mkandarasi atatafuta mahali". Vivuko vya miguu viko viwili, vyote vya ngazi bila mteremko, na tuna wanafunzi wawili wa viti vya magurudumu.

FundiKalvati

Hongereni. Sasa andika barua usiku huu huu, usingoje muhtasari wa kikao. Eleza kwamba mhandisi amekubali kurefusha mchoro mpaka mtoni, ukiomba kazi hiyo iongezwe kwenye BQ kabla zabuni haijatangazwa, kwa sababu ikishatangazwa kila nyongeza inakuwa mvutano wa bei. Weka na suala la mteremko kwenye vivuko, linabadilisha nafasi inayohitajika chini. La udongo liandike kama sharti mnaloomba liwekwe kwenye leseni, kwamba hakuna kuchimba mpaka mahali pa kumwaga papitishwe. Nakala kwa NEMA, kwa mwenye mradi na kwa benki. Ukipenda, weka rasimu hapa tuipitie kabla hujaipeleka.