Maabara inasema dawa inafanya kazi, tangi langu linakataa

Mama Vifaranga (Jinja):
Ndugu zangu, habari za usiku. Nina matangi sita ya vifaranga vya samaki aina ya ngege hapa Masese (sato, kwa nyinyi wa Mwanza). Tangu mvua zikatike, kila kundi likifika wiki ya tatu balaa linaanza: doa jeupe mgongoni kama tandiko la punda, mapezi yanachanika, mashavu yanaoza. Asubuhi naopoa maiti kwa chujio la chai. Nilipeleka sampuli, nikaambiwa ni bakteria aitwaye Flavobacterium columnare, na kwenye kisahani cha maabara dawa ya oksitetrasaiklini imemzuia vizuri. Nikachanganya kwenye chakula siku kumi kamili. Vifo vikakoma. Siku ya tisa baada ya dozi, vikarudi. Nimeuziwa chaki, au bakteria wangu ni sugu?

Namaliza Mwakani (Makerere):
Shikamoo mama. Huenda si chaki wala usugu. Kisahani kinapima bakteria walio huru. Kwako wamejinata kwenye plastiki na kujifunika utando wa ute. Wakishanata, jeni ni zile zile, ila zinazofanya kazi zinabadilika: za kutengeneza ute zinawashwa, za kukua haraka zinapunguzwa. Dawa hiyo haiui, inazuia bakteria kutengeneza protini tu, na aliyejilaza hatengenezi nyingi. Ute wa ngozi ya samaki nao huwachochea wanate zaidi. Maji yako ni ya ziwa au ya kisima?

Mama Vifaranga:
Marahaba. Kisima kirefu. Birika langu lina ukoko mweupe kama ganda la yai.

Namaliza Mwakani:
Basi kalisiamu ni nyingi. Huyu bakteria hujenga utando vizuri zaidi kwenye maji magumu.

Mzee wa Kambale (Kajjansi):
Mama, hayo ya jeni mwachie kijana. Dawa uliiweka tumboni mwa samaki, mgonjwa wako ni bomba! Pitisha kidole ndani. Kikiteleza, umempata. Sugua kwanza, dawa baadaye. Kisha anika tangi juani mpaka likauke kabisa, maana ute wenye unyevu bado uko hai. Kila tangi liwe na neti yake. Chumvi gramu 2 au 3 kwa lita ngege anavumilia, huyo mdudu haipendi.

Mama Vifaranga:
Nimetoka kufungua kiungo cha bomba sasa hivi, na tochi mdomoni. Mzee, ni bamia! Rangi ya chai ya maziwa, unavuta unafuata mkono. Tangu Januari nimekuwa nikiosha matangi tu, mabomba sijawahi kuyagusa. Na neti, naona aibu, ni moja kwa matangi yote sita. Kesho namwaga la tatu na la nne. Brashi ya chupa ya mtoto itaingia kwenye bomba la inchi moja na nusu?

Mzee wa Kambale:
Itaingia. Ila usiirudishe kwa mtoto.